Suruali Fupi ya Baba Mdogo

Suruali ilipofika, Baba mdogo aliivaa palepale sebuleni juu ya kaptula yake, akajitazama chini. Vifundo vya miguu vyote viwili vilikuwa nje, na soksi zilikuwa nje, na juu ya soksi kulikuwa na kipande cha mguu ambacho nadhani hakijawahi kuona jua.

"Unavuka mto gani?" Mama mdogo akamwuliza. Mama mdogo ni mpishi wa shule, sauti yake imezoea kuita watoto mia nne waje kula, kwa hiyo hata akinong'ona majirani wanasikia.

Siku nyingine tungecheka. Lakini hiyo ilikuwa nguo ya nne kutukataa ndani ya mwaka mmoja. Kwanza lilikuja shati lisilofunga kifungo cha tumboni, tukasema Baba mdogo amenenepa. Likaja gauni la Mama mdogo, tukasema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini. Kisha likaja gauni langu, likanibana makwapa hadi nikawa natembea kama bata, na mimi sijaongezeka hata kidogo tangu niache shule ya msingi. Sasa suruali. Na miguu ya mtu mzima hairefuki.

Anayetushonea ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba mdogo na wa marehemu baba yangu. Anaishi shamba, mwendo wa siku nzima na nusu kwa gari, na amekuwa fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Kila baada ya miezi michache hutuma kifurushi kwa basi, kimefungwa kwa mabaki ya vitambaa, na ndani kuna nguo ya mmoja wetu, kila mtu kwa zamu yake. Sikumbuki nguo yake hata moja iliyowahi kurudishwa.

"Kompresa imechoka," Baba mdogo akasema, akiivua ile suruali polepole. Yeye ni fundi friji, na kwake kila ugonjwa wa dunia huishia kwenye kompresa. "Macho yamekwenda. Kama si macho, basi ni kichwa."

Simu ikalia wakati huo huo. Ni Shangazi, anauliza kama mzigo umefika.

"Umefika, dada!" Baba mdogo akapiga kelele. "Eh? Suruali? Imenikaa kama nimezaliwa nayo!" Alisema hivyo suruali ikiwa mkononi. Akampa simu Mama mdogo, naye akasema gauni lake watu wamelisifu hadi kazini. Gauni lenyewe alikuwa amempa binti wa jirani. Nikapewa mimi. Nikasema, "Asante Shangazi, limenipendeza sana."

Naandika hili bila kujivunia. Lakini katika ukoo wetu hakuna mtu wa kumwambia Shangazi kwamba ameshona vibaya. Alitushonea sare za shule, akatushonea nguo za msiba wa baba akiwa analia, na zote zilitukaa. Mtu kama huyo unamwambiaje?

Badala ya kumwambia, waliamua. Shule zikifungwa msimu wa joto tungechukua gari, tupitie kwa wazazi wa Mama mdogo siku mbili, kisha twende kwa Shangazi tumchukue yeye na mabegi yake, tumlete mjini aishi nasi. Nyumba yake ingepangishwa. Msimu wa joto ndio msimu wa kazi wa fundi friji, watu wanampigia simu kama wanaita zimamoto, na Baba mdogo aliacha friji za watu kumi na moja zimelala. Ndipo nilipojua kwamba hafanyi mchezo.

Chumba ambacho angelala ni changu. Nilifua mapazia, nikasogeza kitanda ukutani. "Na cherehani itakaa wapi?" nikauliza.

"Cherehani ya nini," Baba mdogo akasema, "kwa mtu asiyeona?"

Mara moja tu nimewahi kumwona Shangazi bila cherehani, wakati mkanda wa mashine ulipokatika na duka la vipuri likawa limefungwa siku mbili. Alizunguka nyumbani akigusa vitu, meza, mlango, sufuria, kama mtu aliyepoteza ufunguo na hataki kusema. Nilimfikiria hivyo, katika chumba changu, si siku mbili bali miaka.

Kazi yangu mimi ni kwa dobi. Kabla nguo haijaingia kwenye maji, mimi ndiye ninayeikagua: kifungo kilichopungua, doa, mshono ulioachia, ili mteja asije akasema ni sisi. Basi jioni moja nilichukua suruali ya Baba mdogo nikaikagua kama ya mteja. Mishono imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mifuko miwili iko sawasawa. Pindo halionekani kwa nje hata ukilitafuta. Haikuwa imekosewa mahali popote. Ilikuwa ndogo tu, kila upande, kama imeshonwa kwa ajili ya mdogo wake Baba mdogo, ambaye hayupo.

Nilimwonyesha. "Mtu asiyeona hashoni hivi, Baba."

"Mazoea hayo," akasema. "Mikono inakumbuka. Friji nayo ukiichomoa huendelea kuwa baridi kwa muda."

Safarini tulifungua vioo vyote, na upepo ulioingia ulikuwa kama mvuke wa pasi. Mama mdogo alikaa mbele akila karanga na kusoma kila kibao cha barabarani kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma, katikati ya dumu la maji na mto tuliomchukulia Shangazi ajiegemeze wakati wa kurudi. Kwa wazazi wa Mama mdogo tulikula, tukasifiwa, tukalala, tukaondoka. Tulipoiacha lami, Baba mdogo alinitazama kwenye kioo.

"Wewe huna maneno mengi lakini una macho," akasema. "Tukifika, mwangalie. Akikosa kikombe, akimwita mtu kwa jina la mwingine, chochote kile, niambie."

"Sawa, Baba."

"Unampeleka mtoto kumpeleleza shangazi yake," Mama mdogo akasema.

"Simpeleki kupeleleza. Nampeleka kuangalia."

"Ah, sawa. Tofauti kubwa hiyo."

Tulifika alasiri. Nyumba ya Shangazi iko mwisho wa kijiji, ukipita mashine ya kusaga na zahanati: vyumba viwili, jiko la nje, na baraza ambako cherehani inakaa imetazama barabara. Alitoka kabla gari halijazimwa, subana ya kuzuia sindano iko kidoleni, miwani iko juu ya paji la uso.

"Kipipa!" akaita. Hilo ndilo jina la Baba mdogo la utotoni, na hapa duniani amebaki mtu mmoja tu anayeruhusiwa kulitumia. "Umekuja na jua lako lote?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wifi, karibu, naona unazidi kunawiri. Na mama yangu huyu!" Mama yangu ndiye mimi. Baba mdogo akanigusa kwa kiwiko, kana kwamba hajawahi kumsikia akiniita hivyo miaka yote. Nilimwamkia, akanishika mashavu kwa mikono inayonuka mafuta ya mashine. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatutazama kuanzia mabegani hadi miguuni, wote watatu, kama fundi anavyotazama.

"Mbona hamjavaa nguo zangu?"

Kuku alipita.

"Tunazitunza, wifi," Mama mdogo akasema. "Za sikukuu zile."

"Nguo ni ya kuvaa, haitunzwi," Shangazi akasema. Alitabasamu, lakini niliona amejishika kidole chenye subana, akawa anaizungusha.

Jioni ile Baba mdogo alimpima kwa ujanja wake wote, na ujanja wake si mwingi.

"Dada, unaliona gari lile kule?"

"Nimeliona."

"Lina rangi gani?"

"Kipipa, unataka kuninunulia gari?"

Baadaye alitafuta miwani yake chumba kizima ikiwa juu ya paji la uso, na Baba mdogo akanitazama kwa macho makubwa. Lakini muda mfupi uliofuata nilimwona Shangazi akitunga uzi kwenye sindano, kwenye kigizagiza cha baraza. Hakuulamba, hakuunyoosha mkono mbali wala kuuleta karibu. Uliingia mara ya kwanza, huku anamweleza Mama mdogo habari za bei ya mkaa. Niliyaweka moyoni yote mawili, la miwani na la sindano, na sikumwambia Baba mdogo lolote.

Asubuhi nilikuwa nafagia baraza alipokuja mwalimu wa shule ya pale, mtu mrefu, mwembamba kama mwanzi, kuchukua suruali yake. Shangazi alimtuma chumbani akaijaribu. Akatoka nayo. Ilimwangukia juu ya kiatu vizuri kabisa, imegusa, haikujikunja. Alizunguka mara mbili kama bibi harusi.

"Fundi," akasema, "miguu yangu hii imewashinda mafundi wa mjini watatu."

"Wao wanapima wakiwa na haraka ya kula," Shangazi akasema.

Mwalimu aliondoka akijitazama. Nilisimama na ufagio. Mtu wa miguu ya shida namna ile imemkaa, sisi watu wa miguu ya kawaida nguo hazitukai. Kama ni macho, yanachagua watu?

"Shangazi, mwalimu ulimpima?"

"Wiki iliyopita. Alisimama hapo hapo uliposimama."

"Na sisi je? Sisi huwa hatuji."

"Ninyi nina nyuzi zenu." Akaonyesha kwa kidevu, hakuinua hata kichwa.

Nilikuwa nimezisahau. Shangazi haandiki vipimo vya ndugu zake kwenye karatasi. Anasema karatasi huliwa na panya, na namba huchanganyikana. Kila mtu wa ukoo ana uzi wake mnene wa pamba wenye mafundo: kutoka mwanzo hadi fundo la kwanza ni mabega, kutoka mwanzo hadi la pili ni mkono, na kuendelea hivyo hadi urefu wa mguu, na kwenye ncha kuna kipande cha kitambaa cha kumtambulisha. Wa Baba mdogo una kaki. Wangu una kipande cha njano. Zinaning'inia kwenye misumari karibu na dirisha, na sisi tuliopimwa tukishakua hatupimwi tena, labda mtu anenepe na akubali.

Nilizitazama. Zilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka jana msimu kama huu nilikuja peke yangu kumtembelea Shangazi. Nilikuwa nimeanza kazi kwa dobi wiki tatu tu, na katika wiki hizo tatu nilikuwa nimegeuka mwendawazimu wa usafi, kila nikionacho nakiona kama kinaniomba maji. Siku moja Shangazi alikwenda zahanati tangu asubuhi. Nilifua mashuka, nikafua mapazia, nikafua hadi mfuko wa kubebea vitambaa. Kisha nikaona zile nyuzi, rangi ya chai kwa mafuta na chaki ya miaka yote, nikazivua msumarini, nikazitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka na sabuni. Nilizianika juani, nikazirudisha kila moja mahali pake. Shangazi aliporudi aliuliza, "Hata hizi?" Nami, kwa kuwa niliona uso wake umebadilika kidogo, nilisema, "Nimezipangusa vumbi tu, Shangazi." Akasema haya, ahsante. Likaisha.

Miezi kadhaa baadaye mapazia ya pamba ya mteja mmoja yalinisinyaa kiganja kizima, na dobi akanifundisha, kwa ukali, jambo ambalo sasa naweza kulisema usingizini: pamba ambayo haijawahi kuona maji moto, ikiyaona, inanywea. Nilijifunza kwa mapazia. Ule uzi wa shamba sikuukumbuka hata siku moja. Kwangu ulikuwa uzi, haukuwa nguo.

Niliinua mkono niushushe wangu nijipime. Kabla sijaugusa, Baba mdogo alitoka ndani amevaa uso wa kwenda msibani.

"Dada," akasema, "hebu tukae kidogo."

Mama mdogo alikuwa nyuma yake, na safari hii hakuwa na neno. Shangazi aliusimamisha mguu wake kwenye kanyagio. Mashine ikaendelea kidogo yenyewe, ikasimama.

Sitamlaumu Baba mdogo. Alisema kwa upole wote alionao. Kwamba ametufanyia mengi. Kwamba umri ni umri. Kwamba hakuna aibu. Alizunguka hivyo kwa muda mrefu, na Shangazi akamsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kisha akasema, "Kipipa, sema unachotaka kusema."

"Nguo hazitukai, dada. Tangu mwaka jana. Hakuna hata moja."

"Si ulisema…"

"Nilisema uongo."

Alikwenda kwenye gari, akarudi na ile suruali, akaivaa tena juu ya kaptula, palepale barazani. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, watu wanakwenda mashineni na mahindi yao, na Baba mdogo amesimama pale na vifundo vyake nje.

Shangazi alipiga magoti mbele yake. Alilishika pindo, akalipitisha katikati ya vidole. Akageuza mshono, akautazama. Akapima kwa macho nafasi iliyobaki hadi kwenye kiatu.

"Hii nimeshona mimi," akasema. Hakuwa anauliza.

Alirudi kwenye kiti chake. Akakaa mikono ikiwa mapajani, viganja juu, akawa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine aliyoachiwa aiangalie.

"Mama alianza hivi," akasema. Alikuwa anamzungumzia mama yao, bibi yangu, ambaye mimi sikumkuta. "Alianza kwa kupika chakula cha watu tuliokwisha kuwazika. Mimi ndiye niliyekuwa naye, Kipipa, wewe ulikuwa mdogo. Nilijiambia, siku yangu ikifika, nitajua mwenyewe kabla hawajajua watu." Akavua subana, akaiweka juu ya cherehani. "Kumbe sikujua. Mmejua ninyi, mkasafiri siku mbili mmenyamaza."

"Dada, tumekuja kukuchukua ukae nasi…"

"Nipeni nusu saa nikusanye vitu."

Alikuwa ameshanyanyuka. Nadhani kama angeingia ndani na kuvuta ule mlango, nisingeweza kusema tena. Mimi ni mtu wa kuangalia, kusema hunichelewa. Nilishusha uzi wenye kaki msumarini, nikamwendea Baba mdogo, nikauweka mwanzo wa uzi chini ya kisigino chake, sikumwomba hata ruhusa, nikauvuta juu ili fundo la mguu lifike kiunoni.

Halikufika. Lilipungua vidole vinne. Nilichukua mkono wake mwenyewe nikauweka kwenye ile nafasi: vidole vinne vya Baba mdogo, vinene, vilienea barabara.

"Wewe mtoto unafanya nini?" akauliza.

"Shangazi," nikasema, "nilizifua."

Aligeuka mlangoni.

"Mwaka jana, ulipokwenda zahanati. Nilisema nimezipangusa, lakini nilizifua. Nilizichemsha." Nikaendelea kusema kwa sababu nilijua nikinyamaza nitalia. "Pamba ikichemshwa inanywea. Zimenywea zote. Wewe umeshona sawa na uzi. Suruali ni sawa na uzi, Shangazi, ilinganishe, ni uzi ndio si sawa na Baba mdogo."

Shangazi alikuja, akachukua uzi mkononi mwangu. Akatoa tepu ya kupimia shingoni, akampima Baba mdogo mguu kwa tepu, kisha akaulaza uzi juu ya tepu. Akarudia. Akaulaza juu ya suruali yenyewe, kutoka pindo hadi kiuno: fundo likaangukia kwenye kiuno, sawasawa, kama limetumwa. Akaenda akashusha uzi wangu. Akanipima bega, mkono, akaulinganisha. Akashusha wa Mama mdogo. Hakuruka hata kipimo kimoja. Alifanya kazi kama vile hatupo, ananigeuza, ananiinua mkono, na mimi nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu inavyokwenda haraka.

Mwishoni aliniuliza, "Maji yalikuwa moto kiasi gani?"

"Yalikuwa yanachemka."

"Sabuni?"

"Nyingi."

"Ukaanika juani?"

"Juani kabisa. Hadi zikakauka kama vijiti."

Shangazi alishusha pumzi, ndefu, hadi nikadhani haitakwisha. Akakaa. Akanivuta nikakaa karibu naye kwenye benchi, akanishika kichwa changu akakibana kwenye bega lake kwa nguvu, miwani yake ikanichoma sikioni.

"Ahsante," akasema. "Ahsante, mama yangu. Ahsante."

"Jamani," Mama mdogo akasema, sauti imemrudia, "mtu kakuharibia kazi mwaka mzima, unamshukuru?"

"Namshukuru. Nilikuwa naingia humo ndani kufunga mabegi ya kwenda kusahau." Akafuta macho kwa ncha ya tepu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Kumbe ni maji moto! Maji moto tu!"

Nikaanza kusema samahani, samahani nyingi zilizokuwa zimepangana kooni, akanizuia kwa mkono. "Kuzifua si kosa. Kuniambia umezipangusa, hilo nitakusema nikipata nafasi. Sasa hivi nina watu wakubwa wa kushughulikia." Na kwa kweli alikuwa ameshageuka. "Kipipa!"

"Naam, dada."

"Imenikaa kama nimezaliwa nayo?"

Baba mdogo akatazama vifundo vyake.

"Ungesema siku ile ile, 'Dada, suruali ni fupi,' maneno manne! Ningekutukana kidogo, ningeuangalia uzi, yangekwisha kabla chai haijapoa. Miezi kumi mnanisifia! Mmeacha mpaka friji za watu zimelala!"

"Tulikuogopa," Baba mdogo akasema.

"Mlikuwa na haki ya kuniogopa, hamkuwa na haki ya kunidanganya. Na wewe wifi, gauni lako lililosifiwa kazini?"

Mama mdogo alifunga mdomo, akaufungua. "Nilimpa binti wa jirani."

"Lilimkaa?"

"Kama lake."

Shangazi alitaka kubaki na hasira, nilimwona akiishikilia, lakini ilimponyoka. Alicheka hadi akashika cherehani. Baba mdogo naye akaanza, akiwa bado amevaa ile suruali, na kila alipojitazama alianza upya. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na debe la unga alisimama barabarani kututazama, akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu!" Shangazi akampigia kelele. "Hakuna kitu kabisa!" Na alilisema kama habari njema.

Mchana ule nilipewa adhabu yangu, nayo ilikuwa kuchemsha nyuzi mpya. Shangazi alikata kutoka kwenye bonge la uzi, za ukoo wote, akaniambia nizichemshe kabla ya mtu kupimwa, nizianike, nizichemshe tena. "Zinywee zinavyotaka kunywea," akasema, "tumalizane nazo leo." Nilizisimamia kama maziwa yanayotaka kufurika. Zilipokauka alitusimamisha barazani mmoja mmoja.

"Pumua, Kipipa. Usibane tumbo."

"Sijabana."

"Najua tumbo lako tangu lina miezi miwili. Liachie."

Akaliachia. Fundo likasogea mbali sana na lilipokuwa, na Shangazi hakusema neno, alilikaza tu, lakini Mama mdogo alisema kwa niaba ya wote.

Mimi nilipopimwa aliniuliza kwa sauti ya chini, akiwa nyuma yangu, uzi umepita mabegani, "Ulikuwa umeogopa?"

"Nilidhani utanichukia."

"Hapana. Kabla ya hapo. Huko mjini."

Nikafikiri. "Niliogopa chumba changu," nikasema. "Wewe ukiwa ndani yake huna la kufanya."

Akafunga fundo la bega. Akafunga la mkono. "Basi kilale peke yake chumba hicho," akasema.

Tulikaa siku tatu zaidi, kwa kuwa Baba mdogo alikuwa ameshaacha friji na aibu ya kurudi mapema ilikuwa kubwa kuliko ya kuchelewa. Alitengeneza mlango wa jiko uliokuwa haufungi. Alimtengenezea mhudumu wa zahanati friji ya dawa, hakuchukua malipo, akaeleza habari ya kompresa kwa yeyote aliyesimama karibu. Mama mdogo alilala mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Shangazi alizifumua nguo tulizokuja nazo zilizoweza kufumuliwa, ile suruali ikawa haina pindo la kushusha, akaikata ikawa kaptula.

Asubuhi ya kuondoka Shangazi hakutusindikiza hadi kwenye gari. Mwalimu alikuwa amemleta mke wake apimwe, na amekuja na kitambaa chenye maua kinachotaka kulinganishwa maua kwa maua, kazi ya kutazama kwa makini. Tulimuaga akiwa na pini mdomoni. Alitupungia kwa mkono wenye mkasi, akainama tena.

Baba mdogo alikaa kwenye usukani muda kidogo kabla ya kuwasha gari. Alikuwa anamtazama.

"Anaona yule," akasema.

"Anakuona hata wewe," Mama mdogo akasema. "Twende, jua linapanda."

Barabara ilikuwa ile ile yenye vumbi na upepo ulikuwa moto kama wa kuja. Nilikuwa nimejiambia nitahesabu vijiji hadi lami. Nilihesabu vitatu, na cha nne nilimsikia tu Mama mdogo akisoma kibao chake kwa mbali sana, nikiwa nimeshalala.